Mwaka Niliokataa Ugali wa Mama Wekesa

Mama Wekesa alifariki Jumatatu, na Jumanne akaniita dirishani. Nilikuwa kwenye ofisi moja hapa mjini Eldoret, nimekaa kwenye benchi na karatasi ya nambari mkononi, mguu ukichezacheza, maana mimi na foleni hatujawahi kupatana. Wekesa alikuwa amenipigia simu jana yake kuniambia kwamba mama yake ametutoka, na kwamba mazishi yangekuwa Jumamosi kijijini kwao, ng'ambo ya Webuye. Nilimpa pole, nikamwambia nitaona kama nitaweza kufika, maneno ambayo sisi wote tunajua maana yake ni hapana. Sasa kipaza sauti kikakwaruza, na Mama Wekesa, kwa sauti yake nzito iliyotua mwishoni mwa kila sentensi kama mtu anayeweka sufuria chini, akataja nambari yangu na kunielekeza dirisha la pili. Watu walitazama karatasi zao tu. Hakuna aliyejua anaitwa na nani. Nilisimama, nikaketi tena, na nambari yangu ikapita akaitwa mwingine kwa sauti ileile, bila haraka wala hasira, utadhani marehemu alikuwa na siku nzima ya kutuhudumia.

Nilizaliwa wapi na kulelewa na nani si habari ya leo. Itoshe kwamba mwaka ule nilikuwa nimetoka chuoni, binti wa Sugoi aliyekuja mjini na cheti, na kazi niliyoipata ilikuwa kwenye cyber moja, nikiwachapia watu barua za kuomba kazi huku mwenyewe sina kazi ya maana. Nilikuwa na haraka ya kila kitu. Nilitembea haraka, nilikula haraka, nilijibu watu kabla hawajamaliza kuuliza. Aliyenitafutia mahali pa kupeleka haraka hiyo ni Mwalimu Kibet, mwalimu wa hesabu kutoka Chepsaita aliyekuja cyber kila wikendi. Aliniona nikirekebisha kompyuta iliyogoma, akaniuliza, "Wewe, ukishafunga hapa, jioni unafanyanga nini?" Nikamwambia sifanyi kitu. Akasema, "Basi kuja nikuonyeshe kazi ambayo hakuna mtu anakulipa, na utagombana na watu hujawahi kuona."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna watu duniani kote wanaojenga programu za kompyuta na kuzigawa bure, yeyote azichukue, azifungue, azibadilishe. Mradi wetu ulizikusanya programu hizo ziwe mfumo mmoja. Mtu akiandika programu yake, anaifunga kama kifurushi na kukituma, na kifurushi kinakaa foleni mpaka mmoja wa wanaojitolea akifungue na kukikagua. Mkaguzi anauliza maswali machache. Je, kinafanya kazi kwenye mashine nyingine, au ni kwa mwenyewe tu? Kila faili iliyomo ndani ni ya nani? Huyo mwenyewe amekubali igawiwe watu wote? Jibu moja likikosekana, kifurushi kinarudishwa na sababu zake. Na mkaguzi harekebishi. Hata akiona kosa ni nukta moja, anaionyesha kwa kidole na kumwachia mwenye kazi. Hilo lilinitesa kuliko yote, kwa sababu mikono yangu ilitaka kurekebisha kila kitu papo hapo na kuendelea mbele.

Hapa Eldoret tulikuwa watatu: Mwalimu Kibet, mimi, na Wekesa, karani wa duka la hardware aliyejifunza kompyuta kwa kufungua zilizokufa. Tulikutana Jumapili baada ya kanisa, Kapsoya, nyumbani kwa mama yake Wekesa. Bado naiona ile sebule: viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma ambavyo viliteleza kila ulipoegemea, kalenda ya duka la mbegu ukutani, na pazia la maua kati yetu na jikoni ambalo halikuzuia neno hata moja. Waya wa umeme ulipita chini ya meza, na meza ilikuwa ya vitu viwili tu, kompyuta na chakula. Tulikagua mpaka harufu iingie, kisha kompyuta zikahamia sakafuni. Ulikuja ugali wa wimbi, mweusi, wa moto wa kuunguza vidole, mrenda unaovutika, kunde zilizolala usiku kucha kwenye maziwa, na siku ya neema, kuku. Mama Wekesa alisimama mlangoni pa jikoni, mikono kiunoni, akitukagua sisi. "Mtu asiyeomba kuongezwa hajakula," alisema, na hakukubali sahani ipelekwe kuoshwa mpaka aombwe. Mimi niliomba kila Jumapili. Nilikaa chumba kimoja cha kupanga, nikipikia jiko la mafuta, na ile meza ndiyo iliyonifanya nione kwamba mji huu una mahali pangu.

Sasa, Mwalimu Kibet alikuwa na sheria yake. Kabla sijajiunga, rafiki yake mmoja aliyemnunulia nyama choma alituma kifurushi, na Kibet akakipitisha bila kukifungua vizuri. Kikaenda kikaharibu kompyuta za watu nchi za mbali, na Mwalimu akasemwa mbele ya mradi mzima, mtu mzima mwenye watoto. Tangu siku hiyo akaweka sheria kwa tawi la Eldoret: aliyekula chakula chako hawezi kukagua kazi yako, kuanzia siku inayoingia foleni mpaka itoke. "Wazungu wanaandika conflict of interest kurasa kumi," alisema. "Sisi tunajua shida iko wapi. Iko kwa sahani." Tulicheka, tukakubali. Nilikubali kwa moyo mweupe, kwa sababu wakati huo haikunihusu.

Ikaja kunihusu mwezi uliofuata. Wekesa alikuwa akitengeneza programu ya kusoma maandishi kwa sauti, kwa ajili ya watu wasioona. Zilizokuwepo zilisoma Kiswahili kama mtalii aliyepotea njia. Programu kama hiyo inahitaji mtu asome mamia ya sentensi, ili sauti yake ikatwe vipande vidogo na kuungwa upya iwe maneno yoyote. Wekesa alimtumia mama yake. Alimketisha kitandani, akamfunika blanketi kichwani ili makelele ya nje yasiingie, akampa kipaza sauti na tochi, na mama akasoma. Tulimsikia kutoka sebuleni, sauti ikitoka chini ya blanketi, sentensi zisizo na kichwa wala mkia: "Ng'ombe mweupe amevuka barabara na mwenye duka hakumwona." Halafu anasimama. "Wekesa, huyu mwenye duka ni kipofu?" "Soma tu, mama." "Na ng'ombe ni ya nani?" Kibet aliandika nusu ya programu hiyo, hivyo hakuweza kuikagua. Wakaguzi wa mbali hawakujua Kiswahili. Nikabaki mimi peke yangu. Na kifurushi kilitakiwa kipite kabla orodha ya toleo jipya la mfumo haijafungwa, la sivyo kingekaa miaka kikisubiri lingine, na Wekesa alikuwa ameweka ndani yake kila alichojua.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata chakula kilipoletwa, nilichukua kompyuta yangu nikahamia kiti cha dirishani. Mama Wekesa aliniita. Nikasema, "Asante Mama, leo sili." Akauliza kama ninaumwa. Wekesa akamweleza kwamba ni sheria ya kazi, mpaka package, yaani kile kifurushi, itoke. Mama akatutazama mmoja mmoja. "Kazi gani hii haina mshahara lakini iko na sheria ya chakula?" Akarudi jikoni. Nilidhani ni jambo la wiki mbili tatu. Nikavuka barabara nikanunua mandazi kwenye kibanda kinachotazamana na mlango wake, nikala nimesimama, nikirukaruka kwa baridi ya Julai.

Haikuwa wiki tatu. Nilikifungua kifurushi kikagoma kwenye mashine yangu; nikakirudisha. Wekesa akarekebisha, akatuma tena. Nikasikiliza sentensi zote, na ndani ya mojawapo nikamsikia jogoo wa jirani akiwika katikati ya neno, nikakirudisha. Akarekodi upya, mama chini ya blanketi, akilalamika. Nikakuta orodha ya maneno ambayo Wekesa aliinakili kutoka kitabu fulani cha shule, kitabu chenye wenyewe. Nikakirudisha, na hapo alinikasirikia kwa mara ya kwanza. "Jerotich, ni maneno tu! Mtu anawezaje kumiliki neno mlango?" Nikamwambia hamiliki mlango, anamiliki orodha. Akaenda kuandika orodha yake mwenyewe, neno baada ya neno, nyuma ya kaunta ya hardware, kati ya mteja wa misumari na mteja wa rangi. Kila Jumapili nilikuwa pale, harufu ya kuku ikipita mbele yangu. Ningeandika neno moja tu, imepita, nikavuta kiti. Hakuna ambaye angejua. Mguu wangu ulicheza chini ya dirisha mpaka Kibet akaniuliza kama nashona cherehani.

Nilimpenda Wekesa? Nilimpenda kiasi cha kutomtazama usoni nikiwa nakagua kazi yake. Sikumwambia, naye hakuniambia, na tulizungumza kwa njia ya sababu za kurudisha kifurushi. Nilimwandikia sababu ndefu kuliko za mtu mwingine yeyote.

Nilichoshindwa kuona ni jinsi mambo yalivyoonekana kutoka upande wa pili wa pazia. Jumapili moja wanawake wa kanisa walikuja kumsaidia Mama Wekesa kuchambua mboga, nikawasikia wakiteta. Mmoja aliuliza, "Huyu wa dirishani bado hali?" Mama akajibu, "Bado. Anakuja kila wiki, anakaa, anaamkia watu vizuri, lakini chakula yangu hagusi. Anaenda kula huko kwa kibanda." Mwingine akacheka kicheko cha chinichini. "Mama Wekesa, na wewe huoni? Si huyo ameshajiona bibi arusi?" Nilisikia neno hilo, nikalipuuza, nikadhani wanamsema mtu mwingine. Nilikuwa nikifuatilia faili fulani. Lakini ningepaswa kujua. Kwao, msichana anayeingia kwenye boma kama mke hali kwa mama mkwe mpaka apewe kitu, kuku au hata kitambaa, ndipo mdomo ufunguke. Hata kwetu Wanandi bibi arusi husimama mlangoni asiingie mpaka aahidiwe ng'ombe. Niliyajua hayo tangu utotoni. Siku zile macho yangu yalikuwa kwenye skrini tu.

Oktoba ilipofika, orodha ilikuwa karibu kufungwa, na kifurushi kilibakiwa na swali moja. Jumapili hiyo sebule ilijaa. Wanawake wa kanisa walikuwa wamevaa leso mpya, na mimi nikadhani kuna mkutano wao. Chakula kilikuwa mezani, kimefunikwa. Mama Wekesa akatokea nyuma ya pazia amebeba kuku mwekundu, mzima, miguu imefungwa kwa uzi wa katani, akaja moja kwa moja mpaka dirishani akamweka mapajani pangu. "Haya, mukhana wange," akasema, binti yangu, na macho yake yalikuwa yamejaa furaha ambayo sijawahi kuifanyia kitu cha kuistahili. "Nimesikia. Mdomo sasa ifunguke. Kula." Wale wanawake wakapiga vigelegele. Kuku alikuwa na joto. Moyo wake ulidunda kwenye magoti yangu, na mguu wangu, kwa mara ya kwanza mwaka huo, ukatulia.

Nilimtazama Wekesa. Alikuwa anatazama sakafu, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Ningeweza kusema asante, na mimi leo ningekuwa mtu mwingine, mwenye jina lingine, pengine mwenye furaha zaidi. Sijui, na mtu asinidanganye kwamba anajua. Lakini kama kula kungeniondolea haki ya kukikagua, je, kuku mzima, mbele ya mashahidi? Kifurushi kingekosa mkaguzi na orodha ingefungwa. Na isitoshe, hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikasimama na kuku wangu. "Mama, siwezi kumpokea. Package haijatoka." Sauti yangu ikasikika kama kiburi. Mama Wekesa hakuelewa kwanza. Kisha akaelewa alichoweza kuelewa, kwamba binti huyu amekataa mbele ya watu. Akanyoosha mikono, akamchukua kuku wake, akarudi nyuma ya pazia. Wanawake wakaanza kutafuta mikoba yao.

Mtu mwenye busara angeondoka. Mimi nilikuwa na swali moja lililobaki, na ni yeye tu angeweza kulijibu. Nilimfuata jikoni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anamfungua kuku miguu. Nikachuchumaa, nikamwambia ukweli wote kama kazi ilivyonitaka. "Mama, ile sauti ulisoma ni yako. Kama ukikubali, tutaipatia watu wote."

"Wote akina nani?"

"Dunia yote. Mtu yeyote anaweza kuichukua. Anaweza kuikata, aifanye iseme maneno wewe hukusema."

"Hata matusi?"

"Hata matusi. Na anaweza kuiuza, na wewe hutapata kitu. Na ukishakubali huwezi kurudisha."

Akamwachia kuku, naye akatoka mlango wa nyuma akijikung'uta. "Na nikikataa?"

"Package inakufa. Wekesa atatafuta sauti ingine, aanze upya."

Akauzungusha ule uzi wa katani kidoleni. Kisha akasema, bila kunitazama, "Wewe unajua kukataa mbele ya watu. Mimi sikufundishwa hiyo. Andika nimekubali." Nikashukuru, nikainuka. Akaniita tena. "Na uandike pia kwamba nilikukaribisha. Hao watu wa dunia yote wasifikirie ulikaa kwangu njaa juu mimi ni mchoyo."

Niliandika. Kila kifurushi kina sehemu ya maelezo ambapo mkaguzi anaeleza alivyothibitisha ruhusa, na pale nikaweka: Mwenye sauti aliulizwa ana kwa ana jikoni kwake, akakubali. Alimkaribisha mkaguzi chakula. Mkaguzi hakula. Kisha nikaandika imepita, siku chache kabla orodha haijafungwa. Wa mbali walipotafsiriwa maelezo hayo waliuliza kama habari ya chakula ni sharti la kisheria la Kenya. Hatukuwajibu, na kwa woga wa kuvunja sheria wasiyoijua, hawakuifuta. Mpaka leo, kila kompyuta inayosema kwa sauti ya Mama Wekesa, ikiwemo ile ya ofisini, ina sentensi hizo tumboni.

Jumapili iliyofuata niliwahi Kapsoya na njaa ya miezi. Mama Wekesa alinipokea kwa heshima yote, akanipa mkono, akaniletea chai kwenye kikombe cha wageni na sahani yake, kama analetewa mkaguzi wa serikali. Wengine walipewa ugali. Mtu aliyerudishiwa kuku hakaribishi mara ya pili, na mimi sikuwa na mdomo wa kuomba. Nilikunywa chai ile mpaka ikaisha. Niliumia, na sitasema vinginevyo. Mwanzoni mwa mwaka mpya Wekesa aliitwa kazi Nairobi kwa sababu ya programu ile, mama akarudi kijijini, nyumba ikapangishwa watu wengine. Watu huniuliza kama najutia. Sijutii. Kazi ilikuwa safi, na ingekuwa leo ningerudisha jogoo yule tena. Lakini kuwa sahihi hakushibishi, na nimekuwa na njaa ile mpaka sasa, kwenye meza nzuri, kwenye harusi, kwangu mwenyewe.

Jumamosi nilikwenda mazishini. Nilitoka alfajiri kabla sijapata nafasi ya kubadilisha mawazo. Tulimzika mchana, mvua ikinyunyiza, na Mwalimu Kibet, mzee sasa, na fimbo, akalia kwa sauti. Baada ya hapo watu waliketi chini ya hema, na wasichana wakapita na sahani. Yangu aliileta Wekesa mwenyewe, mvi zimemjaa, mkewe nyuma yake na jagi la maji ya kunawa. Ugali wa wimbi, mrenda, paja la kuku. Akaona mkono wangu unasita.

"Kula, Jerotich. Package ilishapita."

Nikamuuliza jambo nililolibeba miaka yote hiyo. "Siku ile ya kuku, ulikuwa umemweleza vizuri ile sheria?"

"Nilimweleza, mara nyingi." Akatabasamu na macho yake yakiwa mekundu. "Akaniambia, sawa, nimesikia. Lakini kwani msichana hawezi kuwa na sababu mbili?"

Nilikula. Sikula haraka. Ugali uliniunguza vidole, mrenda ukavutika mpaka kidevuni, na machozi yalinitoka bila mimi kuyazuia, matangani hakuna anayeuliza. Sahani ilipobaki nyeupe, nilimwita msichana aliyekuwa akipita na sufuria, nikaomba niongezwe.

Niliporudi Eldoret nilikifungua kile kifurushi, nikaenda kwenye maelezo yangu ya zamani, na chini ya sentensi ya mwisho nikaongeza nyingine: Baadaye mkaguzi alikula, akaongezwa. Nikaituma kama inavyotakiwa. Lakini badiliko ni badiliko, na sheria ya Mwalimu haijafutwa, na hili ni la sahani ya Mama Wekesa mwenyewe. Wekesa hawezi kulipitisha, ni kazi yake. Kibet hawezi, alikula kuliko sisi wote. Kwa hiyo liko foleni, na kila asubuhi nalifungua kuliangalia, mguu ukichezacheza, nikimsubiri mtu anayejua Kiswahili ambaye hajawahi kula kwa Mama Wekesa.